Vyungu Visivyo na Mwenyewe

Kigae cha pembeni kilikataa kukauka.

Bafu lote lilikuwa limemalizika na kung'aa kama sahani ya mgeni: sinki jeupe, bomba la mvua lenye kichwa kipana, choo cha kukaa ambacho mama mkwe, Adja Daba, hakuwa amekikalia hata mara moja kwa madai kwamba kinampa baridi ya kiuno. Sakafu ilikuwa na mteremko mzuri unaoelekea kwenye tundu la maji. Lakini kwenye pembe ya mbali, upande wa juu kabisa, mahali ambapo maji yasingefika hata yakibembelezwa, kila asubuhi palikuwa na kidimbwi. Kidogo tu, cha kulowanisha soksi.

Raky Wane alikipangusa. Ramani ya bafu lile aliichora mwenyewe, nyuma ya karatasi za mitihani ya wanafunzi wake wa fizikia, na hakuwa tayari kushindwa na kigae. Kesho yake kidimbwi kilikuwa kimerudi. Akamwita fundi.

Waly Faye alikuja na pima maji, akailaza sakafuni, akapiga magoti na kufumba jicho moja.

"Mteremko uko sawa," alisema. "Haya maji yamepanda mlima."

"Maji hayapandi mlima, Waly."

"Basi wewe mwalimu niambie yamefikaje." Akachovya kidole, akakinusa, kisha akakifuta haraka kwenye suruali. "Mtumwa wangu, umemwaga maziwa hapa?"

"Mtumwa ni wewe na ukoo wako wote, mla wali wa watu," Raky alimjibu, kwa maana yeye ni Mtukuleri wa bonde la mto na Waly ni Mserere, na hao ni watani wasioachiana hata msibani. Siku nyingine yoyote Waly angemrudishia matusi matamu hadi wasikie majirani. Siku hiyo alikusanya mwiko na ndoo yake, akatoka kinyumenyume kama mtu anayeaga chumba chenye watu.

Raky akainama, akanusa. Mtindi. Mtindi uliochachuka, na chini yake harufu ya udongo uliokaa majini muda mrefu.

Ukarabati ule ulikuwa na sababu nzuri kabisa. Mama mkwe wake alikuwa amerudi Makka na magoti mabovu, na bafu la zamani lilikuwa uani, halina paa, mtu anaoga huku kunguru wakimkagua. Nyumba ya kina Ndoye pale Yoff, mtaa wa Walebu wa pwani, ilikuwa imejengwa chumba kwa chumba kila mtu alipooa, bila mpango wowote, na Raky, ambaye alikuwa ameolewa na Libasse na kuishi humo miaka ya kutosha kuzichoka kona zake zote, alisema sasa basi. Bafu la uani lingevunjwa na kujengwa upya pale pale, liungane na nyumba kwa ukuta wa chumba cha Adja. Chumba cha upande wa pili kingepakwa rangi ya kijani cha bahari na kuwa cha Kine, binti yake, aliyekuwa darasa la kwanza na bado akilala miguuni pa wazazi. Kila mtu angekuwa na chumba chake. Alikuwa ameandika majina kwenye ile ramani.

Kikwazo kilikuwa vyungu.

Vilikuwa kwenye pembe ya bafu la zamani, vimefukiwa hadi shingoni, vimezungukwa na kombe na kipande cha mchi wa mti mweusi. Waly aliviona, akaweka nyundo chini.

"Kwetu pia vipo hivi," alisema. "Mimi sivigusi mpaka mwenye navyo aseme."

Basi Raky akaliuliza swali lile mchana, watu wakiwa wamelizunguka sinia la wali na samaki.

"Vile vyungu vya bafuni ni vya nani?"

Vijiko vilisimama. Libasse aligundua mwiba kwenye samaki wake, akaushughulikia kama daktari wa upasuaji.

"Mimi ninaogea ndoo ya plastiki," alisema Astou, wifi yake. "Vyungu ni mambo ya kina bibi. Muulize mumeo."

"Libasse?"

"Nilivikuta," alisema Libasse, bado na mwiba wake. "Havinihusu."

Wakabaki kumtazama mama. Yaye Daba, ambaye tangu ashuke kwenye ndege hakuwa akiitikia jina hilo bali Adja tu, kwa maana ya hajati, alikuwa amechaguliwa juzi kuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa dua. Lango la ua lilikuwa wazi. Wanakikundi wawili walikuwa wamesimama barabarani wakisalimiana na jirani. Adja akavuta punje moja ya tasbihi, akanyanyua sauti ikawafikia.

"Katika nyumba hii hakuna mwenye vyungu. Sisi ni Waislamu. Vitoeni."

Raky hakuwa mjinga. Alijua vyungu vile ni nini: makao ya pepo wa ukoo. Nyumba zote za Walebu wa Yoff zina pembe kama ile, na yeye mwenyewe alikuwa amesikia harufu ya maziwa uani Jumatatu na Alhamisi, na kuona miguu ya mama mkwe ikirudi kutoka huko na unga wa uwele kwenye ndala. Vyungu havikumkera. Kilichomkera ni watu wazima watatu kuketi juu ya jambo wanalolijua wote na kujifanya hawalijui. Haya, alisema moyoni, kama havina mwenyewe, hakuna atakayevililia.

Akavitoa kwa mikono yake. Kile kikubwa kiling'ang'ania ardhini, kikatoka na sauti ya kufyonza, kama titi linalotolewa mdomoni mwa mtoto aliyelala. Ndani kilikuwa na maji safi, baridi, na juu yake utando wa maziwa ya asubuhi ile ile. Raky aliuona ule utando. Aliuelewa. Alimwaga yote kwenye mfereji, akavipakia vyungu kwenye toroli pamoja na kifusi, na jioni gari la taka likavichukua.

Haikuwa imepita hata wiki tangu Kine ahamie chumba chake cha kijani ndipo kigae kilipoanza.

Kitanda cha Kine kilikuwa kipana makusudi, mtoto akue nacho. Lakini kila Raky alipokwenda kumwamsha alimkuta amelala ukingoni kabisa, mkono mmoja ukining'inia nje, na upande wa ukutani, ukuta ule ule wa bafu, shuka limebonyea na lina unyevu.

"Kwa nini unalala kama mtu anayetaka kuanguka?"

"Nampisha."

"Unampisha nani?"

Kine alikuwa akitafuta soksi. "Yule asiye na chumba," alisema, kama anayemtaja mtoto wa darasani kwao.

Raky alibadilisha shuka. Akasogeza kitanda mbali na ukuta, nafasi ya mtu mmoja kupita. Aliporudi kutoka kazini kitanda kilikuwa kimegusa ukuta tena, na Astou aliapa kwamba hajaingia humo, na Libasse alisema labda sakafu ina mteremko. Hakuna aliyetaja vyungu. Walikuwa hodari sana wa kutovitaja. Adja aliongeza nyiradi, akaanza kwenda kutawadha kwa jirani, na alipoulizwa bafu lake jipya lina kasoro gani alisema, "Zuri mno. Nalitunza."

Yoff, jua likifika utosini, watu hawamwagi maji wala hawaogi; hata wale wasioamini kitu hujikuta tu wana shughuli nyingine saa hiyo. Mchana mmoja wa Ijumaa Libasse alikuwa msikitini, Astou yuko dukani, Adja amelala, na Raky alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni na madaftari ya kusahihisha kifuani. Alisikia kata ikichota maji. Aliisikia vizuri: kibuyu kikigonga ukingo wa udongo, kikizama, kikiinuka, kisha maji yakimiminwa taratibu juu ya kitu kisichotoa sauti. Kimya kidogo. Kikazama tena. Alitaka kufikiri ni jirani, na akafikiri hivyo kwa dakika nzima, lakini sauti ilikuwa inatoka ndani, ilikuwa inatoka bafuni, na bafuni hamkuwa na kata wala ndoo wala chombo chochote cha udongo, alikuwa ameviondoa vyote mwenyewe kwa ajili ya bomba lile la mvua lenye kichwa kipana, na alipoinuka na kuufuata ukumbi, akipita mlango wa Adja uliofungwa na mlango wa Kine uliokuwa wazi na kitanda kitupu, ile harufu ilikuja kumpokea, mtindi na udongo na kitu kingine cha zamani zaidi, harufu ya sanduku la nguo za marehemu, na mkono wake uliposhika kitasa kitasa kilikuwa kimelowa na baridi kama kilichotolewa kisimani, na akafungua.

Kine alikuwa amesimama pembeni, juu ya kile kigae, ameutazama ukuta. Alikuwa na sare za shule, kavu kabisa. Nywele zake tu ndizo zilizokuwa zikichuruzika, misuko yote, shanga zote, na maji hayakuwa yakienda kwenye tundu. Yalikuwa yakipanda mteremko kurudi miguuni pake.

"Kine."

Mtoto hakugeuka.

"Kine! Mwanangu, nakuita!"

"Katika nyumba hii," alisema Kine, kwa sauti yake mwenyewe, kwa adabu, kama mtu anayemjibu mgeni langoni, "hakuna mwenye Kine."

Tangu mchana huo mtoto alianza kuondoka. Hawezi Raky kulisema kwa neno jingine, na alijaribu maneno mengi, hospitali walimpa mengine. Alikunywa maji hadi akatapika maji, na midomo yake ikapasuka kama ya mtu wa jangwani. Ngozi yake ilikuwa baridi na inatoka jasho dogodogo kama chungu kilichojazwa. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya aliyekaa sana majini. Damu yake ikapimwa na kupimwa, ikawa damu nzuri. Wakamtundikia chupa, ikaisha, wakatundika nyingine, na daktari kijana akamwambia Raky kwa aibu kwamba vipimo havioni kitu, arudi naye nyumbani, wamtazame. Akiitwa kwa jina lake Kine haitikii. Akiitwa tena anageuza uso upande, anangoja, kama anaona ajabu mtu huyo anayeitwa haji.

Imamu akaja, akasoma. Kine alikaa kitako, akasoma naye. Alipokosea imamu mahali kwa uchovu, mtoto, ambaye alikuwa bado hajamaliza sura fupi, alimsahihisha, taratibu, kwa Kiarabu safi cha kizee. Imamu alifunga msahafu, akamtazama Adja.

"Huyu si kafiri wa kufukuzwa," alisema. "Mnajuana naye. Mimi siingilii mambo ya ndugu." Akaaga bila kunywa chai.

Siku ile Astou alimvuta Raky jikoni, akafungulia bomba ili lipige kelele.

"Wifi, nakwambia na sijakwambia. Nenda kwa Ngone Paye."

"Ndiye nani?"

"Anauza nywele bandia sokoni, karibu na wauza mboga."

"Mganga muuza nywele bandia."

"Basi baki na daktari wako!" Astou akazidi kufungulia bomba. "Unadhani homa yangu ya mwaka jana ilitulia kwa vitamini? Nenda, Raky. Mtoto anaisha."

Ngone Paye alikuja jua likiwa utosini, saa aliyoitaka yeye. Raky alikuwa ametarajia hirizi na macho mekundu. Alipata mwanamke mnene mwenye raba za michezo, simu inayolia kila mara, na mfuko wa nywele alioutundika kwenye msumari wa taulo. Hakumwangalia Kine kwanza. Aliuliza ramani.

"Ramani gani?"

"Hii nyumba imepangwa. Nionyeshe ilivyopangwa."

Raky akaileta. Ngone aliisoma jina kwa jina kwa kidole chenye rangi ya kucha. Adja. Libasse na Raky. Astou. Kine.

"Umepanga vizuri," alisema. "Umemsahau mmoja. Mmemtoa chumbani kwake, hamkumpa kingine, sasa ameona kitanda chenye nafasi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mfukuze," alisema Libasse. Alikuwa mlangoni, tai shingoni, hajaenda kazini. "Tutakupa unachotaka."

"Hafukuzwi mtu kwao, shemeji. Mimi si polisi." Simu ikalia, akaizima. "Yeye haulizi vyungu. Vyungu viko tele sokoni, nimekuja navyo kwenye teksi. Anauliza neno. Kuna mtu hapa alisema neno, na alilisema kwa sauti, mchana, lango wazi. Nani?"

Bomba la jikoni lilisikika likidondosha. Adja Daba alikuwa kitini ukumbini, ameshika tasbihi bila kuihesabu.

"Fundi," alisema Ngone, akimgeukia Waly aliyekuwa ameitwa aje na nyundo yake, "ng'oa pale pembeni."

Waly akapiga. Kigae kikapasuka, zege likafuata kwa shida, zege zuri, Waly hakuwa mtu wa kuiba saruji. Halikuwa na ufa wala tundu la kupitisha sindano. Chini yake mchanga ulikuwa umelowa na mweupe kwa maziwa, na katikati ya mchanga, juu kabisa, kama kitu kilichowekwa makusudi kionekane, palikuwa na ushanga wa kioo wa buluu.

Raky alikimbilia chumba cha kijani. Alikuwa ameusuka mwenyewe ule msuko asubuhi ile, mtoto akiwa amelala, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Alikuwa ameufunga ule ushanga wa buluu mwishoni na kuuvuta kuhakikisha. Msuko ulikuwapo. Umefungwa vilevile. Ushanga haukuwapo, na Kine alikuwa akitazama dari kwa macho yaliyofifia, na kifua chake kilikuwa kinapanda kwa nafasi, kama kinachosubiri ruhusa.

"Anamchukua kidogokidogo," alisema Ngone nyuma yake. Sauti yake sasa haikuwa na soko ndani yake. "Ushanga leo. Sitakudanganya, mama, ikifika magharibi hapa kitandani kutakuwa na kitu kinachofanana na binti yako tu."

Ndipo Raky alipogeuka kwa mama mkwe wake, na adabu yote ya miaka ikamtoka.

"Mama! Sema! Ulikuwa unamwagia maziwa asubuhi ile ile, niliyaona, nikayamwaga kwa sababu ulinifanya niyamwage! Useme!"

Adja alikuwa analia bila sauti.

"Anaitwa Salla," alisema. "Alinisimamia nikijifungua Libasse. Kila Jumatatu na Alhamisi tangu nilipoolewa. Nilitoka Makka nikasema nitaacha, sikuweza, nikawa namwendea kama mwizi. Kisha wale wanawake walikuwa pale langoni…" Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Alinisikia nikimkana. Na mkono wangu bado una unga wake."

"Sasa akusikie tena," alisema Ngone. "Pale pale. Kwa sauti ile ile."

Adja Daba alisimama kwa magoti yake mabovu. Hakuvua mavazi yake meupe ya Makka. Libasse alitaka kumletea kanga nyingine, akamsukuma mkono. Alichukua bakuli la mtindi mikononi, akavuka ua, akalifungua lango kwa bega. Barabara ya mchanga ilikuwa nyeupe kwa jua, na watu walikuwa wametoka sala ya Ijumaa, wametoka wengi, na miongoni mwao nusu ya kikundi cha dua.

"Salla!" aliita. Sauti ilivunjika, akaikusanya. "Salla wa kina Ndoye! Ni mimi Daba! Nilisema huna mtu, nilisema uongo! Wewe ni wangu! Vyungu ni vyangu! Nyumba ni yako, rudi chumbani kwako, niachie mtoto!"

Hakuna aliyecheka. Makamu mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa amesimama na mwavuli, alitazama chini, kisha akaingia nyumbani kwake haraka na kufunga mlango, na baada ya muda mfupi harufu ya mtindi ikapita juu ya ukuta wake pia.

Ndani, Astou alisema ni wetu. Libasse alisema ni wetu, kwa sauti ya mvulana. Ngone akamgeukia Raky.

"Na wewe."

"Mimi si wa ukoo huu."

"Mikono iliyovitoa vyungu ni ya nani?"

Raky alimtazama mwanawe. "Ni vyetu," alisema.

"Umesema kwa mdomo."

"Ni vyetu! Ni vyangu! Mnataka nini tena?"

Ngone alimtazama kwa muda mrefu kuliko Raky alivyopenda. "Mimi sitaki kitu," alisema. "Si mimi niliye na kitanda humu."

Vyungu vipya vikafukiwa pembeni, hadi shingoni. Adja akamimina. Mchanga ulikunywa kwa sauti, ukanywa tena, na kutoka chumba cha kijani Kine akaita kwamba ana njaa, na nani amechukua ushanga wake.

Ngoma zilipigwa baadaye, na mbuzi akachinjwa, na mambo yakafanywa kama yanavyofanywa. Waly alirudi kuziba. Raky alichora upya ile pembe: kijiukuta kifupi, vigae vidogo vya buluu kuvizunguka vyungu, nafasi ya mtu kupiga magoti. Ikapendeza. Kwenye ramani, akicheka kidogo, aliandika jina la sita. Kine alilala katikati ya kitanda, amejitanua kama nyota, shuka kavu pande zote. Adja akaanza kuitikia tena jina la Yaye Daba, na kikundi cha dua, cha ajabu, kiliongezeka wanachama.

Shule zilipofungwa Raky aliwaalika walimu wenzake chakula cha mchana, waje kuona nyumba. Walikuja na juisi na vicheko. Bi Sagna, wa idara yake, mwanamke aliyesoma Ulaya na asiyechoka kukukumbusha, alikwenda kunawa mikono, akaita kutoka bafuni.

"Raky! Bafu la hoteli kabisa hili! Na hivi vyungu? Usiniambie na wewe siku hizi unalisha majini!"

Sebuleni wote waligeuka. Jua lilikuwa utosini. Yaye Daba alikuwa amekwenda kliniki ya magoti. Raky alisikia uso wake ukipata moto, na akacheka, kicheko chepesi, cha mtu wa fizikia.

"Achana navyo. Mambo ya mama mkwe. Si vyangu."

"Nilishangaa!" Bi Sagna alirudi akikung'uta mikono, wote wakacheka, wali ukapakuliwa. Raky aliinama kuchukua kijiko, na soksi yake ikalowa.

Hakutazama chini. Harufu ilikuwa imekwisha kumfikia.

"Mama," aliita Kine kutoka chumbani kwake, taratibu, kwa adabu ya mtu anayejibu langoni. "Anauliza, umesema si vya nani?"

Wageni walikuwa wakimtazama Raky, vijiko mkononi, wakitabasamu, wakingoja utani. Alifungua mdomo. Nyuma ya ukuta, kata ikagonga ukingo wa udongo, ikaanza kuchota.